Whisky Sour ya chenza: uchachu wa limau, harufu ya ganda

Kwa ulimi uliozoea Kiswahili, neno la Kiingereza "sour", yaani chachu, hutoka kama "sawa". Si vibaya, maana kazi yenyewe ndiyo hiyo: kileo, uchachu na utamu vikae sawa, kimoja kisikanyage kingine. Kokteli za jamii hii zimo katika vitabu vya baa vya Marekani tangu 1862, na Whisky Sour ni mojawapo ya zilizosambaa mbali zaidi. Ya kawaida ina wiski, juisi ya limau, shira ya sukari, na ute wa yai kwa anayependa povu. Hapa tunaipa chenza.

Wengi wakitaka ladha ya chenza au chungwa hutoa limau, wakajaza juisi ya chungwa mahali pake. Kinachopatikana ni juisi iliyomwagikiwa pombe: tamu, imelala, haina makali. Hesabu yake ni nyepesi. Juisi ya limau ina asidi karibu asilimia 6, na ya ndimu iko hapohapo. Juisi ya chungwa au chenza lililoiva ina karibu asilimia 1 tu, huku sukari yake ikikaribia asilimia 10. Ukibadilisha kipimo kwa kipimo, umefuta karibu uchachu wote na papo hapo umeongeza utamu.

Basi kazi zigawanywe. Limau libaki na uchachu wake. Chenza lilete harufu, na harufu ya chenza haimo sana kwenye juisi, imo kwenye ganda. Watoto wanaominya ganda mbele ya mshumaa ili cheche ziruke wanayajua mafuta hayo vizuri. Ndiyo tunayoyatafuta.

Kuchagua matunda

Usihukumu kwa rangi. Machenza na machungwa ya ukanda wa joto mara nyingi huiva ganda likiwa bado kijani, kwa sababu rangi ya njano huhitaji usiku wa baridi ili ijitokeze. Pima kwa mkono: tunda zito kuliko ukubwa wake lina maji mengi. Kisha kwaruza ganda kidogo kwa ukucha na unuse. Lisiponukia hapo sokoni, halitanukia kwenye glasi.

Matunda yaliyosafiri kutoka nje kwa meli mara nyingi hupakwa nta ili yang'ae na yasinyauke. Yasugue kwa brashi chini ya maji ya moto unayoweza kuyavumilia mkononi, kisha yafute kwa kitambaa kikavu. Hata ya shambani yaoshwe, maana ganda ndilo tunalolitumia.

Malimau nayo hayafanani. Yale makubwa yenye ganda gumu la mabonde na milima wakati mwingine huwa na uchachu hafifu kuliko madogo laini. Onja juisi kwa ncha ya kijiko kabla ya kupima. Kama haikukunji uso, tumia mililita 30 badala ya 25.

Shira ya ganda la chenza

Hii ndiyo roho ya kinywaji, na inaandaliwa mapema, asubuhi kwa ajili ya jioni au jana yake.

Chukua machenza 4 na sukari nyeupe gramu 200. Menya machenza kwa mkono, kisha kwangua utando mweupe wa ndani kwa ubavu wa kijiko mpaka ganda libaki jembamba na lenye rangi pande zote mbili. Utando huo ni mchungu, na ukiubakiza shira nzima itakuwa na uchungu wa dawa ya malaria. Katakata ganda vipande, viweke kwenye bakuli pamoja na sukari, na usugue kwa vidole au kwa mchi kwa dakika mbili hivi, mpaka sukari ianze kulowa na jiko zima linukie. Funika. Acha saa 4 hadi 6 kwenye joto la kawaida, au usiku kucha. Sukari inayavuta mafuta kutoka kwenye ganda, na ukirudi utaikuta imekuwa kama mchanga uliolowa mvua.

Mimina maji ya moto mililita 200, koroga mpaka sukari iyeyuke yote, chuja, poza. Usirudishe jikoni kuchemsha. Mafuta ya ganda ni mepesi, yanapanda na mvuke, na shira iliyochemshwa hunuka jamu badala ya tunda bichi. Utapata takriban mililita 320, zinazotosha glasi 16. Ikae kwenye friji ndani ya chupa safi yenye kifuniko, ukiitumia ndani ya wiki mbili. Ikianza kutoa mapovu au kuwa na utelezi, mwaga.

Uwiano wa sukari na maji hapa ni nusu kwa nusu kwa uzito. Anayetumia shira nzito, ile ya kaimati kwa mfano, asifuate vipimo vilivyo chini, maana sukari yake ni nyingi zaidi kwa kila kijiko. Apunguze hadi mililita 13 au 14.

Vipimo vya glasi moja

- Wiski, mililita 60
- Juisi ya limau iliyokamuliwa sasa hivi na kuchujwa, mililita 25
- Juisi ya chenza, iliyochujwa, mililita 15
- Shira ya ganda la chenza, mililita 20
- Ute wa yai, mililita 20, yaani kama theluthi mbili za ute wa yai moja kubwa
- Chumvi, punje chache tu, ambazo vidole viwili vinaziokota
- Angostura, matone 3, kwa juu
- Kipande cha ganda la chenza

Toti za baa hazisaidii sana nyumbani, kwa sababu hapa ni 25, pale ni 30, na vijiko vya chai vya kila nyumba vina ukubwa wao. Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 20, lisilo na sindano, au kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi. Tofauti ya mililita 5 za limau inasikika ulimini. Tofauti ya mililita 5 za wiski karibu haisikiki. Kwa hiyo kama utakosea, kosea kwenye wiski.

Kuhusu wiski yenyewe: burboni ya Marekani ndiyo inayoelewana na chenza kirahisi. Kwa sheria ya huko nafaka yake ni mahindi asilimia 51 au zaidi, na hukaa kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani, ndiyo maana ina utamu wa vanila na sukari iliyoungua. Wiski za Ireland na zile za Uskoti zilizochanganywa zinafaa pia, ila kinywaji kitakuwa chepesi zaidi. Zile za Uskoti zenye moshi mzito ziache; moshi na chenza vikikutana kila kimoja kinavuta kwake. Wala huhitaji chupa ya gharama, kwa kuwa limau litafunika yale uliyoyalipia.

Angostura ni ile chupa ndogo yenye karatasi kubwa kuliko chupa yenyewe, maji machungu ya viungo yanayotengenezwa Trinidad. Si pambo. Ute wa yai ukipoteza baridi hutoa harufu ya shombo, na matone hayo yakiwa juu ya povu ndiyo yanayoipokea pua kwanza.

Suala la yai

Yai bichi lina hatari ya salmonela. Wapo wanaosema limau na wiski vinaua vijidudu. Kwa dakika chache kinywaji kinapokaa kwenye glasi, usitegemee hilo. Tumia mayai mapya yasiyo na ufa, yaliyokaa kwenye friji. Livunje kwanza kwenye kikombe cha pembeni, si moja kwa moja juu ya wiski, kwa sababu yai moja viza linaharibu vyote. Kiini hata tone kisiingie: mafuta yake yanazuia povu kusimama. Mgonjwa mwenye kinga dhaifu asipewe yai bichi.

Mbadala mzuri upo. Maji yaliyochemshiwa dengu nyeupe kubwa, au yale ya kwenye kopo la dengu zisizotiwa chumvi nyingi, hutoa povu linalokaribia la yai. Weka mililita 25. Ukichemsha mwenyewe, endelea kuyapunguza motoni mpaka yawe na uzito wa ute, na yakipoa yavutike kidogo kwenye kijiko. Harufu ya dengu inasikika ukiionja peke yake. Limau likishaingia inapotea.

Asiyetaka yai wala dengu aviache vyote. Kinywaji kitakuwa chembamba na kikali zaidi, lakini bado ni sour halali.

Kutikisa

Kopo la chuma la baa ni zuri, lakini chupa ya plastiki ambayo watu wa mazoezi huchanganyia unga wa protini inafanya kazi ileile, na kile kijitufe cha waya ndani yake kinapiga povu vizuri zaidi. Chupa ya kioo iliyokuwa ya jamu itumike kwa tahadhari: barafu ikigonga kioo kwa nguvu kinaweza kupasuka.

Anza na vya bei ndogo: limau, chenza, shira, chumvi. Ukikosea kipimo, umemwaga limau la shilingi chache, si wiski. Fuata na wiski, na mwisho ute wa yai. Ukishaweka yai usiende kupokea simu. Likikaa ndani ya asidi bila kutikiswa huanza kuganda na kuacha nyuzinyuzi nyeupe.

Funga, tikisa bila barafu kwa sekunde 15 hadi 20, kwa nguvu. Hapa shika kifuniko kwa mikono miwili. Kukiwa na barafu ndani, hewa hupoa na kujivuta na kifuniko kinajikaza chenyewe. Bila barafu hakuna kinachokikaza, na ndipo watu wanapooga wiski.

Fungua, jaza barafu theluthi mbili ya chombo, funga, tikisa tena sekunde 12 hadi 15. Mkono ukianza kuuma kwa baridi umefika. Barafu itoke friza moja kwa moja. Iliyokaa kwenye bakuli mezani imeshavaa maji, na maji hayo yanaingia kwenye kinywaji kabla hujaanza kutikisa. Kinywaji hiki kinahitaji maji, kama mililita 40 hadi 50 zinazotoka kwenye barafu wakati wa kutikisa, bila hizo kitakuwa kikali na kizito. Tatizo ni zile za ziada. Na kama friza ni ileile ya samaki, barafu ifunikwe. Hakuna limau linaloficha harufu ya kibua.

Kumimina

Glasi iwe ya mililita 250 au zaidi, iliyokaa friza dakika kumi. Kabla ya kumimina, chukua kipande cha ganda, upande wa rangi ukitazama ndani ya glasi tupu, na ukiminye mara moja ili mafuta yatande ukutani; kisha pitisha ganda hilo mdomoni mwa glasi. Watu wengi humalizia kwa kuminya ganda juu ya povu, na kwenye sour isiyo na yai hilo ni sahihi. Penye povu la yai, mafuta ya ganda hufanya kama sabuni kwenye sufuria yenye mafuta: povu linatoboka mashimo na kushuka.

Mimina kupitia chujio la chai lenye matundu madogo, ili vipande vya barafu na nyuzi za yai vibaki. Subiri nusu dakika. Povu litapanda na kujitenga, unene wa kidole kimoja ukifanya vizuri. Ndipo udondoshe Angostura.

Kikienda kombo

Kikiwa kichachu mno, ongeza shira mililita 5 na utikise tena sekunde tatu. Usikoroge tu kwa kijiko, shira itazama chini. Kikiwa kitamu mno, limau mililita 5, hivyohivyo. Usisahihishe utamu kwa kuongeza wiski. Utapata kinywaji kitamu chenye pombe nyingi, na tatizo liko palepale.

Kikiwa kama maji, barafu ilikuwa imeshavaa maji au ulitikisa muda mrefu. Hakirekebishiki. Kikiwa na uchungu unaobaki kooni, angalia mambo mawili: utando mweupe kwenye shira, au juisi ya jana. Juisi ya machungwa na jamaa zake huota uchungu ikikaa, hata kwenye friji, kwa hiyo kamua unachohitaji siku hiyohiyo. Usikamue pia kwa kuponda ganda mpaka linalia.

Povu likikosa kusimama, mara nyingi kuna mafuta mahali fulani: kiini, chombo kisichooshwa vizuri, au ganda lililominywa ndani.

Kinywaji kisipokuwa na kosa lolote ila kinaonekana bubu, ongeza chumvi punje mbili. Haitaonja chumvi, itapunguza uchungu na kulifanya chenza lisikike.

Matunda mengine

Danzi, ukibahatika kulipata, ndilo tunda la kinywaji hiki kuliko chenza. Juisi yake ni chachu kuliko ya chungwa ingawa haifiki limau, na ganda lake lina harufu ya kina ambayo chungwa tamu halina. Tumia juisi ya danzi mililita 30 na limau 10, juisi ya chenza iache, shira ibaki 20. Kwa shira yake madanzi 2 yanatosha gramu 200 za sukari, kwa kuwa ganda lake ni nene na limejaa mafuta. Kwangua utando kwa bidii zaidi.

Balungi linapenda jini kuliko wiski: jini 60, juisi ya balungi 25, limau 20, shira 15. Lakini balungi huingilia utendaji wa baadhi ya dawa, zikiwemo kadhaa za kolesteroli na shinikizo la damu, kwa kuzifanya zikae mwilini kwa wingi kuliko kipimo. Ukiwa na wageni, waulize kabla ya kumimina.

Ndimu na wiski hugombana kidogo. Ndimu ikutane na ramu, jini au Konyagi. Konyagi ni ya asilimia 35, si 40, kwa hiyo weka mililita 65 na upunguze chenza hadi 10 ili kinywaji kisilegee. Wanaoijua "dawa" ya Nairobi, ya vodka, ndimu na asali, watatambua undugu. Ukimaliza kukamua ndimu nyingi, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kutoka juani. Maji yake yakipigwa na jua kwenye ngozi huacha malengelenge na madoa meusi yanayoweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi.

Kama hakuna limau kabisa nyumbani, ndimu ya unga ya duka la viungo, ile ya kwenye achari, inaokoa. Yeyusha gramu 5 katika mililita 100 za juisi ya chenza, na juisi hiyo itakaribia uchachu wa limau. Kisha itumie hiyo peke yake mahali pa limau na chenza, mililita 35, shira ikishuka hadi 15. Ladha yake ni safi ila ni nyembamba kidogo kuliko ya limau halisi.

Kwa asiyekunywa pombe, chai ya rangi nzito inasimama vizuri mahali pa wiski, kwa ule ukakasi wake. Majani ya chai vijiko viwili vya chai katika mililita 150 za maji ya moto, dakika tano, chuja, poza kabisa. Weka mililita 60 na punguza limau hadi 20. Mengine yote vilevile.

Kwa anayekunywa, glasi moja ya vipimo vya juu ina kileo karibu sawa na chupa ya bia ya nusu lita ya asilimia 5. Chenza linaficha hilo vizuri mno, kwa hiyo mwambie mgeni, hasa aliyekuja na gari.

Vyombo vioshwe kwanza kwa maji ya baridi, halafu ndipo sabuni na maji ya moto. Ukianza na ya moto, ute wa yai unaivia kwenye kuta za kopo na chujio, na utausugua mpaka kesho.